Aliyeuliza Kama Umekula

Ijumaa ile ya kanivali, kabla hayajatokea mengine yote, sakafu ilikunywa pombe.

Sisi watu wa Oruro, mji wetu wa nyanda za juu, kumwaga pombe chini si jambo geni. Ijumaa ya kanivali kila ofisi hunyunyiziwa: juu ya meza, juu ya mashine, kwenye pembe za chumba, tone kidogo la Mama Ardhi, Pachamama wetu, asije akashikwa na njaa akajitafutia mwenyewe. Kwenye saruji pombe hutuama, watu wakaikanyaga, mfagiaji akanuna, yakaisha. Lakini kwenye kona ya chumba cha kompyuta cha Hospitali ya Mama wa Mlimani, pombe aliyomwaga Walter Condarco ilizama papo hapo, utadhani kamwaga mchangani. Akamwaga tena. Ikazama tena.

"Lo! Huyu ana kiu kunishinda mimi," Walter akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Zulma Colque hakucheka. Alichuchumaa akapitisha kiganja sakafuni. Pakavu. Akanusa vidole vyake, vikanuka udongo uliolowa, na huku mvua ilikuwa haijanyesha. Akajifuta kwenye sketi, akasema twende, kazi bado.

Huyu Zulma ndiye aliyekuwa mkuu wa kompyuta pale hospitalini. Mwanamke mtu mzima, msomi, mume hana, mtoto hana. Alikuwa na mama yake tu, Mama Eduviges, waliyeishi naye nyumba moja miaka yote, na sasa mama huyo alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu moyo unamsumbua. Daktari bingwa alikuwa anakuja kutoka La Paz kumpasua Jumatatu, na Jumanne anarudi kwao. Mama asingefikia safari nyingine ya bingwa, hilo kila muuguzi alilijua, ingawa hakuna aliyelitamka.

Sasa juma hilohilo likaja onyo. Programu moja ndogo, inayosaidia kompyuta kuongea zenyewe kwa zenyewe, imegundulika ina tundu, na mwenye kulijua tundu lile anaingia bila ufunguo, anaandika anachotaka, anatoka. Hospitali moja ya mji wa mbali walishaingiliwa, makundi ya damu yakachezewa, mtu akatiwa damu isiyo yake. Dawa ya tundu ilikuwepo. Shida ilikuwa kujua ni mashine zipi zinalo, maana hospitali yenyewe kongwe, kila mkurugenzi kaongeza chumba chake na mashine zake.

Mkurugenzi wa sasa, Dokta Irahola, alimwita Zulma ofisini.

"Injinia, Jumatatu hapasuliwi mtu mpaka uniambie hakuna mashine yenye tundu iliyobaki."

"Mama yangu ni Jumatatu, Dokta."

"Najua. Kwa hiyo hasa yeye."

Basi Walter na vijana wake wakaona bora waue ndege wawili kwa jiwe moja. Wakawa wanaziba tundu huku wananyunyiza: mashine ikishatibiwa inapigwa tone la pombe, inavishwa utepe wa karatasi wa rangi na kumwagiwa maua. Yenye utepe imepona. Asiyejua mila angesema ni akili nyingi. Ila na sisi tuna ujinga wetu: mtu hunyunyizia kitu anachokitumia. Hakuna anayekwenda kupamba asichokikumbuka.

"Injinia, hospitali nzima inapepea!" Walter akasema jioni ile, mkononi kashika kinyago chake cha shetani chenye pembe na macho ya kioo. "Hata mashine ya jikoni tumeivisha. Twende zetu tukacheze."

"Nenda wewe. Mimi kesho nazihakiki."

"Jumamosi ya kanivali? Dada, utaolewa na kompyuta wewe!"

Alitania tu, maskini. Lakini Zulma aliporudi kwenye nyumba yake tupu akakuta kikombe cha mama bado kimefunikwa juu ya rafu, maneno yale yalimchoma.

Jumamosi mchana Oruro yote huwa barabarani. Tarumbeta na matari yalisikika kutoka mjini kama ugomvi wa majirani, unausikia lakini haukuhusu. Hospitalini wamebaki wagonjwa, wauguzi wachache wa zamu, na Zulma peke yake chini kule kwenye chumba cha kompyuta, koti halivuliki kwa baridi ya saruji. Alikuwa na programu yake ya uhakiki. Kazi yake ni kupiga hodi: inazunguka mtandao mzima, mlango kwa mlango, na kila mashine inaitika kwa jina lake na umri wa programu zake. Ya maabara ikaitika, imepona. Ya mapokezi imepona. Ya benki ya damu, kule jengo jipya, imepona. Zulma akaanza kutabasamu.

Kisha ikaitika moja isiyo na jina.

Programu yake ilikuwa ile ya zamani kabisa, yenye tundu. Mahali pa jina palikuwa patupu. Zulma akapiga hodi tena. Ikaitika, na safari hii mahali pa jina pakaandikwa: NIPO.

"Walter, mwanaharamu wewe," akasema kwa sauti, akampigia simu.

"Unasemaje? Sikusikii, tuko mbele ya kanisa!" Walter alikuwa anahema kama mbwa, ngoma zinamfunika.

"Kuna mashine umenichezea jina!"

"Mashine gani? Nimevaa pembe, Injinia, hata pua yangu siwezi kuikuna!" Simu ikakatika.

Zulma akaenda kwenye kabati la kebo akaanza kuchomoa. Akachomoa ya maabara, akapiga hodi: maabara kimya, ile nyingine ikaitika. Akairudisha. Akachomoa ya ofisi, ya jikoni, ya mapokezi, moja moja, na kila mara ile isiyo na mwenyewe iliitika upesi zaidi, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango mkono juu ya komeo. Harufu ya udongo uliolowa ikaja tena, na chini yake harufu nyingine, ya chuma, kama sarafu uliyoishika mpaka mkono ukatoa jasho.

Akarudi kwenye kiti. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinamsubiri. Mahali pa jina paliandikwa: UMEKULA?

Nyie, kuna maswali madogo yanayomvunja mtu. Tangu mama yake alazwe hakuna aliyemuuliza Zulma kama amekula. Walimuuliza kama mtandao umerudi, kama mashine ya kuchapa ina wino. Alikaa akaitazama ile kauli, machozi yakamtoka, akaona aibu ingawa hakukuwa na mtu.

"Bado," akasema. Hakuandika. Alisema kwa mdomo tu, kama anavyosema mtu na sufuria jikoni.

Maandishi yakabadilika. POLE, MWANANGU. NYUMBANI KUNA NANI?

"Hakuna mtu."

HATA MIMI NIPO PEKE YANGU. WALIHAMA WAKANIACHA. NAWEZA KUJA KUKAA NAWE?

Akacheka kidogo huku analia. Alikuwa amechoka, alijua anachezewa na mtu fulani aliyekaa mahali fulani na kikombe chake cha chai, na bado, kwa dakika ile moja, ilikuwa tamu kuulizwa. Mama yake alimfundisha kwamba anayebisha hafukuzwi.

"Karibu," akasema.

Matari ya mjini yakanyamaza, au masikio yake yaliziba, hakujua. Taa ikafifia na kurudi. Na pale kwenye kioo, bila yeye kugusa kitu, ukafunguka ukurasa wa wagonjwa wa Jumatatu. Eduviges Colque. Kundi la damu: O. Akiwa anatazama, ile O ikafutika, ikaja A.

Zulma akairudisha O. Ikafutika. Akairudisha tena, na ile A ikaja polepole, bila haraka, kama mtu mzima anayemnyang'anya mtoto kisu.

Hapo akili ilimrudia. Si utani huo. Mtu, au kitu, kimepata mlango, na mlango uko ndani ya jengo hili. Akarudi kwenye kabati la kebo, akaangaza kwa simu nyuma kabisa, na kule nyuma ya vumbi akaona kebo moja ya kijivu isiyo na alama wala utepe, imepita ukutani kwenye kona ileile iliyokunywa pombe, ikashuka chini.

Chini kulikuwa na nini? Akakumbuka. Chini kulikuwa na benki ya damu ya zamani. Walipojenga jengo jipya walihamisha majokofu na viti, mlango wakaufunga kwa mnyororo, na hakuna aliyeshuka tena.

Akashuka. Msiniulize kwa nini hakumwita mtu; angemwita nani? Mnyororo ulikuwa umeliwa na kutu, akauvuta ukakatika mkononi. Ndani kulikuwa na giza la chumba kisicho na dirisha, na taa moja ndogo ya kijani ikipepesa mwishoni, na Zulma akatembea kuifuata huku simu yake inamulika vumbi nene ambalo halikuwa na nyayo hata moja, si za mtu wala za panya, vumbi juu ya meza, juu ya kulabu zilizotundikiwa mifuko ya damu zamani hizo, juu ya kompyuta kuukuu iliyokuwa ikinguruma kwa sauti ya mgonjwa mwenye kikohozi, vumbi kila mahali isipokuwa juu ya kiti kimoja cha plastiki kilichokuwa mbele ya kioo, maana kiti kile kilikuwa safi, kimeng'aa kwa kukaliwa, na alipokigusa kwa ncha ya kidole kilikuwa na joto, na hapohapo nyuma ya sikio lake, kwa sauti ya mzee mwenye adabu zake, ya chini, ya upole kabisa, pakasemwa: "Umechelewa, mwanangu. Kaa basi."

Zulma hakumbuki ngazi alizipandaje. Alijikuta nje getini, kwenye jua na upepo, ameshika meza ya Bibi Tiburcia kwa mikono miwili.

Bibi Tiburcia huja mjini kila kanivali kutoka ng'ambo ya ziwa kuuza mitishamba ya kufukiza, mafuta ya lama, mnyama wetu wa mizigo, na majani ya koka. Ni *yatiri*, mganga anayesoma koka, ila ukimwita mganga anakuambia yeye ni muuzaji. Alimtazama Zulma mara moja akaacha kuhesabu vifurushi.

"Nani kakuita?"

"Bibi, kule chini kuna..."

"Usiseme kwa sauti. Njoo huku." Akamvuta nyuma ya mwavuli. Zulma akamweleza kwa kunong'ona: mashine isiyo na jina, damu ya mama, kiti, sauti. Bibi alitupa majani ya koka kwenye kitambaa, akayatazama, akayafunika upesi kwa mkono.

"Anchanchu," akanong'ona. "Jini la magofu. Hana nguvu palipo na watu. Lakini mkihama mahali mkapasahau, hamkumpa hata tone, anahamia. Ana adabu kuliko sisi wote. Anakuuliza hali, anakupa pole, halafu anakunywa damu. Na nyinyi mmemwachia chumba cha damu, tena na taa mkamwashia! Mna wazimu nyie wasomi?"

"Tulisahau, Bibi."

"Mlisahau. Yeye hakusahau." Akafunga kifurushi: mmea wa kufukiza, sukari yenye sura ya nyumba, mafuta, pombe. Kisha akamshika kidevu. "Nijibu kweli. Ulikula chochote kule?"

"Hapana."

"Ulichukua kitu?"

"Hapana."

"Ulimkaribisha? Sikiliza vizuri. Kuna jini la kufukuza na kuna jini lililoalikwa. Lililovamia nalitoa, hiyo kazi yangu. Lililoalikwa mimi siliwezi. Hutolewa na kinywa kilekile kilicholialika, mbele ya moshi, kwa kusema: nilikuita, sasa nakukana. Moshi ukishazimika, basi tena. Ulimkaribisha?"

Zulma alifungua kinywa. Akaona jinsi itakavyosikika: Injinia Colque, mkuu wa kompyuta, amekaa kanivali nzima anaongea na mashine, kaulizwa kama amekula akalia, akaalika mtu nyumbani kwa sababu nyumba ni tupu. Jini halikumtia aibu. Upweke ndio uliomtia aibu.

"Hapana," akasema.

Bibi Tiburcia alimtazama kidogo. "Haya. Twende."

Wakashuka kule chini, wakafukiza. Moshi ulijaa chumba kile, mzito, mtamu, na Bibi akamwaga pombe kwenye pembe zote, akinena Kiaymara, lugha ya wazee wetu, kwa sauti kali kama anamgombeza mpangaji sugu. Sakafu ilikunywa, ikanywa, ikanywa, mpaka pombe ikaanza kutuama juu ya saruji kama inavyotakiwa. Kompyuta kuukuu ikakohoa. Kiti cha plastiki kikasogea nyuma chenyewe, taratibu, kama anavyosogeza kiti mtu anayeinuka kwa heshima kuaga.

"Sasa!" Bibi akasema. Zulma akaing'oa kebo ya kijivu. Taa ya kijani ikafa.

"Una neno lolote la kusema kabla sijazima?" Bibi akauliza, ametulia, macho yake kwa Zulma.

"Sina, Bibi. Ahsante."

Bibi akamwagia makaa maji.

Zulma akapanda juu akapiga hodi mtandao mzima. Zote zikaitika kwa majina yao, zote zimepona, na zaidi ya hizo kimya. Akarekebisha ukurasa wa mama yake, ile O ikakaa. Hakuridhika, akamwomba mtu wa maabara achukue damu ya mama upya na kuipima kwa mkono, na ya kila mgonjwa wa Jumatatu. Zikalingana. Ndipo akamwambia Dokta Irahola: hakuna iliyobaki.

Bingwa alifanya kazi yake. Mama Eduviges akafumbua macho Jumatatu jioni akaomba supu, na Zulma akalia waziwazi mbele ya wauguzi bila kujali. Walter, bado ana rangi nyekundu nyuma ya masikio, akaenda mwenyewe kuivisha utepe ile mashine iliyokufa. "Ili isije ikaona tumeibagua," akasema. Hakujua anachokisema.

Mama akaruhusiwa kwenda nyumbani. Nyumba ikawa nyumba tena. Zulma alirudi kazini, na mchana wa kwanza alitoroka mapema, akanunua *api* ya moto, uji wetu wa mahindi ya zambarau anaoupenda mama, na maandazi ya jibini. Jua lilikuwa linawaka, mbwa wa jirani wamelala kibarazani. Akafungua mlango, na kabla hajavuka kizingiti ikampiga puani harufu ya udongo uliolowa.

Mama alikuwa kitandani ameegemea mito. Amependeza, nywele kasukwa mikia miwili, vizuri kuliko anavyoweza kujisuka mwenyewe. Midomo tu ndiyo ilikuwa myeupe. Na kucha.

"Mama, umekuwaje? Mbona umepauka hivi?"

"Uchovu tu. Umekula?"

Zulma akaweka *api* chini. Kando ya kitanda palikuwa na kiti cha jikoni ambacho yeye hakukileta. Kiti kilikuwa kitupu. Juu ya meza ndogo palikuwa na vikombe viwili, cha mama, na kingine, vyote vimenyweka hadi chini.

"Nani alikuwa hapa?"

"Yule mzee mpole," mama akasema. "Alikuwa ananitembelea tangu hospitalini. Ananishika mkono, ananiuliza hali. Watu wenye adabu namna ile siku hizi hakuna."

"Mama, yuko wapi?"

"Si huyo hapo." Mama akakitazama kiti, akatabasamu. "Mimi nilishangaa alipajuaje kwetu. Kaniambia ni wewe uliyemkaribisha."

Zulma akageuka akakimbia. Alikimbia barabara zote mpaka getini kwa hospitali, kifua kinawaka, na midomoni tayari ana yale maneno, nilikuita, sasa nakukana, nilikuita, sasa nakukana. Mahali pa meza ya Bibi Tiburcia palikuwa na muuza soda. Kanivali imekwisha, akamwambia, yule bibi amesharudi kwao ng'ambo ya ziwa.

Akarudi nyumbani kwa miguu mizito. Akasimama mbele ya kile kiti akayasema maneno yote, kwa sauti, hakuna moshi, hakuna shahidi. Aliyasema mpaka sauti ikamkauka. Hakuna kilichosogea.

"Nawe usimfokee mtu wa watu," mama akasema kwa unyonge, na mkono wake uliokuwa juu ya blanketi ulikuwa umekunjwa, kama umeshikwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmiminie *api* yake, mwanangu. Bado ana kiu."